Viatu vya Wenye Maumivu ya Miguu

Kamina ni mji wa reli. Tangu mwaka 1928, njia ya BCK ilipofika Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, watu wetu wajua jambo hili: njia ikizibwa, mizigo haifiki, hata mashine ikiwa na nguvu namna gani. Mishipa ya damu ya miguu ndivyo ilivyo.

Wako watu waendao sokoni, nao baada ya hatua mia mbili husimama, shavu la mguu limekaza kwa maumivu. Wakipumzika kidogo, maumivu yaisha, wakiendelea, yarudi. Majirani husema ni uzee tu, au kwamba wamelogwa. Sivyo. Mshipa umekuwa mwembamba, na nyama ya mguu haipati damu ya kutosha.

Ugonjwa huo ulielezwa kwanza kwa mnyama. Mwaka 1831 Bouley, daktari wa wanyama huko Ufaransa, alieleza habari za farasi aliyechechemea kila alipokimbia, akapona alipopumzika. Mishipa ya miguu yake ya nyuma ilikuwa imeziba. Mwaka 1858 Charcot, daktari wa Paris, alionyesha kwamba wanadamu nao hupatwa vivyo hivyo.

Viatu vyaweza kusaidia nini? Shavu la mguu ndilo linaloinua kisigino katika kila hatua. Basi madaktari wa karne ya 20 waliagiza kisigino cha kiatu kiinuliwe kidogo, ili kazi yake ipungue. Wengine walitengeneza soli ngumu iliyopinda kama mtumbwi, ili mguu ubingirike mbele. Wagonjwa wengine huenda mbali zaidi kabla ya kuumwa. Wengine hawaoni faida, na soli ya kupinda yaweza kumwangusha mzee asiye imara. Tena hakuna kiatu kifunguacho mshipa.

Kazi kubwa zaidi ya kiatu ni kuukinga mguu. Jambo hili tulifundishwa na wagonjwa wa ukoma. Daktari Paul Brand, aliyefika Vellore nchini India mwaka 1946, aliona kwamba vidonda vya nyayo zao vilitokana na kukanyaga bila kusikia maumivu. Ndipo wakashonewa makubadhi ya mpira laini. Mguu usio na damu husikia maumivu, lakini nao kidonda chake hakiponi upesi. Tanzania nayo, tangu miaka ya 2000, wauguzi wamefundishwa kutunza miguu ya wenye ugonjwa wa sukari, ambao mara nyingi hupungukiwa na vyote viwili, damu na hisia.

Kwa hiyo mgonjwa asitumie fedha zake zote kwa kiatu cha ajabu. Makubadhi ya tairi yatokayo kwa fundi wetu yafaa, kama yana mpira laini ndani, hayabani vidole, wala hayana msumari uliojitokeza. Aache tumbako kabisa. Aende kwa miguu kila siku mpaka aumwe, apumzike, aendelee tena: mwendo huo ni dawa. Na kila jioni atazame nyayo zake. Akiona kidonda kisichopona, au akiumwa usiku amelala, aende hospitali mara moja. Wengi waliokatwa mguu walikuwa wamengoja sana.