Ukoloni wa Wajerumani Singida

Utawala wa Wajerumani katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Singida, Tanzania, uliwahusu hasa Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo. Dola ya Ujerumani ilishika rasmi utawala wa koloni la Afrika Mashariki mwaka 1891. Maboma yalijengwa Kilimatinde, kwenye njia ya misafara, na Mkalama.

Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa kolonini mwaka 1898, iliwasukuma wakulima na wafugaji kuuza mifugo au kufanya kazi za ujira. Simulizi za Wanyaturu humtukuza Liti Kidanka, mwanamke shujaa aliyewakabili wavamizi kwa kutumia nyuki.

Reli ya Kati, iliyopita Manyoni, ilifika Tabora mwaka 1912. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliiteka Kilimatinde mwaka 1916.