Falsafa ya Abagusii

Falsafa ya Abagusii ni jumla ya dhana, hoja na mabishano ambayo jamii ya Abagusii wa magharibi mwa Kenya imeyajenga kuhusu uhalisia, maarifa, wema, mamlaka na uzuri. Abagusii, ambao pia huitwa Wakisii, huzungumza Ekegusii, mojawapo ya lugha za Kibantu, na huishi hasa katika kaunti za Kisii na Nyamira. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban Abagusii milioni 2.7. Kabla ya karne ya 20 fikra hizi hazikuandikwa. Zilitunzwa katika methali, vitendawili, viapo, nyimbo, taratibu za ndoa na mazishi, na katika maamuzi ya wazee.

Makala hii inazipanga fikra hizo kwa matawi yanayofundishwa vyuoni: metafizikia, epistemolojia, mantiki, maadili, siasa na ujumi. Kwa Abagusii wenyewe matawi hayo hayakutenganishwa. Yote yamefungamana na suala la vizazi: nani ni wa kizazi gani, na kwa sababu hiyo anaruhusiwa kusema, kujua, kurithi au kuamua nini.

Mazingira

Nchi ya Abagusii ni ya vilima, mvua nyingi, migomba na mashamba ya majani chai. Ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye msongamano mkubwa wa watu nchini Kenya, na ukubwa wa shamba hupungua kila baba anapowagawia wanawe. Kwa hiyo swali la nani ni mtoto wa nani huamua pia nani atalima wapi.

Nchi hii pia inapakana na jamii nyingine, na Ikonge ni mfano: ni kituo cha biashara cha Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira. Kiko kwenye barabara inayotoka Chebilat, penye mpaka na Wakipsigis, kwenda Chabera upande wa Wajaluo. Katika ukanda huo majirani wa lugha tatu wameoana, wameuziana ng'ombe na kupigana kwa vizazi vingi, na fikra zao zimeingiliana. Jina Nyasae, ambalo Abagusii Wakristo humwitia Mungu leo, ni ndugu wa Nyasaye wa Wajaluo.

Metafizikia

Metafizikia huchunguza vitu vilivyopo na namna vinavyokuwepo. Katika fikra za jadi za Abagusii, aliye juu ya vyote ni Engoro, muumba anayehusishwa na jua. Engoro yuko mbali na shughuli za kila siku. Walio karibu ni ebirecha, roho za waliokufa, na hasa za mababu wa ukoo. Ugonjwa usiopona, utasa au vifo vinavyofuatana vilieleweka kama dalili kwamba mmojawapo wa wafu amesahauliwa au amekosewa, na dawa yake ilikuwa kafara na kurekebisha kosa. Wafu, basi, ni kizazi cha juu cha familia ileile, chenye haki na madai yake.

Dhana ya mtu nayo hufuata ngazi za maisha. Mvulana asiyetahiriwa ni omoisia. Akitahiriwa huwa omomura. Akiwa na watoto waliokomaa huwa omogaka. Msichana mdogo ni egesagane, kisha omoiseke, akiolewa ni omosubati, na uzeeni ni omong'ina. Binadamu huzaliwa akiwa binadamu, lakini utu wake kamili wa kijamii hupatikana kwa kupanda ngazi, na kila ngazi huthibitishwa na watu wengine. Ndiyo maana omogaka hawezi kujifanya omogaka peke yake: sharti watoto wake wakue.

Mfano unaoonyesha ugumu wa fikra hizo ni ndoa ya mwanamke kwa mwanamke. Mama aliyekosa mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kumwoa msichana kwa niaba ya mwana ambaye hakuwahi kuzaliwa. Watoto wa msichana huyo walihesabiwa kuwa wa mwana huyo, na wakarithi shamba la nyumba ile. Mwana asiyekuwepo kwa mwili alikuwepo katika nasaba, akiwa na mke, watoto na ardhi. Anayeshikilia kwamba kuwepo ni kuwa na mwili peke yake atashindwa kueleza jambo hili. Anayeona kwamba nafasi katika ukoo ni sehemu ya uhalisia ataliona kuwa na mantiki kamili.

Epistemolojia

Epistemolojia, au nadharia ya maarifa, huuliza tunajuaje na tunaamini kwa ushahidi gani. Abagusii walitambua njia kadhaa za kujua, kila moja ikiwa na mabingwa wake. Omobari alikuwa mpasuaji wa kichwa: aliyepigwa rungu au kuanguka akapasuka fuvu alifunguliwa ngozi, mfupa uliovunjika ukakwanguliwa na kuondolewa, kisha kidonda kikatibiwa kwa miti shamba. Upasuaji huo uliendelea hadi karne ya 20 na kuwashangaza madaktari waliousoma. Maarifa yake yalikuwa ya mkono na jicho, yalirithishwa kwa mafunzo, na kipimo chake kilikuwa wazi: mgonjwa apone au afe.

Omoragori, mwaguzi, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, alijibu swali la aina nyingine. Omobari alieleza mfupa umevunjika vipi. Omoragori aliulizwa kwa nini umevunjika wa mtu huyu, na kwa nini leo. Mgawanyo huo wa kazi unafanana na tofauti kati ya kueleza jinsi tukio linavyotokea na kueleza maana yake kwa aliyepatwa.

Pale ambapo hapakuwa na shahidi, kulikuwa na emuma, kiapo. Mtu aliyeapa kwa uongo alijiletea maafa yeye na uzao wake. Kiapo hakikumlazimisha asiyeogopa, lakini kilihamisha mzigo wa ushahidi kutoka kwa wazee kwenda kwa wakati: miaka ingesema. Udhaifu wake ni dhahiri. Mtoto akifa kwa malaria baada ya baba yake kuapa, kifo hicho kilisomwa kama hukumu, na mshtakiwa hakuwa na njia ya kukipinga.

Udhaifu huohuo huonekana kwa ukali zaidi katika tuhuma za uchawi. Mwaka wa 2008 watu wasiopungua 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto katika eneo la Kisii kwa tuhuma hizo, na mwaka wa 2021 wanawake wanne waliuawa Marani, katika eneo hilohilo. Kwa mtazamo wa epistemolojia, umati uliruka hatua ambayo mila yenyewe iliidai: kusikiliza pande zote, kuita ukoo na kutoa nafasi ya kiapo. Kosa lenye kina zaidi ni kuichukua hofu ya wengi kuwa ushahidi.

Mantiki na hoja

Mantiki huchunguza hoja inayosimama na isiyosimama. Shule yake kwa Abagusii ilikuwa etureti, baraza la wazee la mtaa. Huko madai ya mpaka wa shamba, mahari au urithi yalijengwa juu ya misingi mitatu: nasaba, kesi zilizotangulia na methali. Nasaba ilitoa dai la jumla, kwamba watoto wa nyumba fulani wana haki fulani. Kesi iliyotangulia ilitumika kama kielelezo. Methali ilikuja kufunga au kufungua upya mjadala, kwa kuwa karibu kila methali ina mwenzake inayoipinga, na mzee stadi ni yule anayejua ipi inalingana na kesi iliyo mbele yake. Vitendawili vya jioni viliwazoesha watoto kazi hiyohiyo: kutambua sifa moja inayounganisha vitu viwili vilivyo mbali.

Maadili

Dhana kuu ya maadili ni chinsoni, kanuni za heshima na haya baina ya watu wa vizazi vinavyofuatana. Baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mzazi na mtoto hawaongelei mambo ya unyumba, wala hawaonani utupu. Kijana aliyetahiriwa huondoka nyumbani kwa mama na kulala esaiga, nyumba ya vijana. Kinyume chake, babu na mjukuu hutaniana kwa uhuru, na mambo yasiyosemeka kati ya mama na binti husemwa na bibi. Kwa hiyo chinsoni hugawa maarifa pamoja na tabia: kuna jambo ambalo ni kosa kulisikia kutoka kwa baba na ni wajibu kulisikia kutoka kwa babu. Hapa maadili na epistemolojia ni kitu kimoja.

Amasangia ni dhana ya hatari inayotokana na uzinzi. Mke aliyetoka nje ya ndoa akimhudumia mumewe aliye mgonjwa, ugonjwa unaweza kumuua, isipokuwa pafanywe utakaso. Imani hii iliilinda ndoa bila polisi wala jela. Wakosoaji huonyesha kwamba mzigo wake ulimwangukia mke: mume aliruhusiwa kuoa wake wengi, na mgonjwa alipokufa lawama ilitafutwa kwa mwanamke.

Mgogoro mkubwa zaidi wa maadili unahusu ukeketaji. Kwa kuwa msichana alifikia ngazi ya omoiseke kwa kupitia unyago wake, kukataa kisu kulionekana kuwa ni kukataa kukua. Sheria ya Kenya ya 2011 iliupiga marufuku ukeketaji, na taratibu mbadala zimeanzishwa ili mafunzo na sherehe zibaki bila kukatwa. Swali la kifalsafa lililo chini yake ni hili: ngazi ya utu ni tendo juu ya mwili, au ni utambuzi wa jamii? Wanaounga mkono taratibu mbadala wamechagua jibu la pili, na jibu hilo lina msingi ndani ya fikra za Abagusii wenyewe, zilizomkubali hata mwana asiye na mwili.

Falsafa ya siasa

Abagusii hawakuwa na mfalme mmoja. Koo kubwa, zikiwemo Abagetutu, Abagirango, Abanyaribari, Abamachoge, Ababasi na Abanchari, zilijitawala na kuungana wakati wa vita. Miongoni mwa Abagetutu ulizuka uongozi ulioimarika zaidi, na Bogonko mwana wa Nyakundi anakumbukwa kuwa kiongozi wake mashuhuri wa karne ya 19. Mwanaanthropolojia Philip Mayer alieleza mfumo wa nasaba katika kitabu chake cha 1949: mamlaka hutoka katika ukoo, na kila ngazi ya ukoo ina wazee wake.

Uvamizi wa Waingereza uliuliza swali jipya: je, kuna wajibu wa kutii mamlaka isiyotoka katika nasaba yoyote? Sakawa, mtabiri anayesimuliwa kuwa alitoweka mwaka wa 1902, alitabiri ujio wa wageni na anahusishwa na ushauri wa kutowapinga. Moraa, mwaguzi na mganga, alijibu kinyume na kuwahimiza vijana wapigane. Januari 1908 Otenyo, kijana aliyelelewa naye, alimchoma mkuki afisa wa Kiingereza Geoffry Northcote, na adhabu ya kijeshi iliyofuata iliua watu wengi na kuchukua mifugo. Mabishano ya Sakawa na Moraa, kama yanavyosimuliwa, ni mabishano kati ya busara inayopima nguvu na haki isiyopima.

Ujumi

Ujumi huchunguza uzuri na sanaa. Sanaa iliyoitangaza nchi hii ni uchongaji wa jiwe laini la eneo la Tabaka, ambalo hutolewa ardhini, huchongwa, husuguliwa kwa maji na kung'arishwa. Obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito, huandamana na nyimbo za kusifu na kuonya. Katika fani zote mbili uzuri hupimwa pamoja na matumizi: wimbo unasifiwa ukimfikia anayestahili kuonywa bila kumvunjia heshima.

Nafasi katika mjadala wa Afrika

Kama fikra za namna hii ni falsafa ni swali lililobishaniwa tangu Placide Tempels alipotoa kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu mwaka wa 1945, na John Mbiti cha dini na falsafa za Kiafrika mwaka wa 1969. Paulin Hountondji wa Benin alishikilia kwamba imani za jamii nzima si falsafa mpaka pawepo mtu anayezihoji. Henry Odera Oruka (1944–1995) wa Chuo Kikuu cha Nairobi alijibu kwa kuwahoji wazee wenye hekima nchini Kenya, na katika kitabu chake cha 1990 akatofautisha mzee anayerudia mila na mzee anayeipima kwa akili yake.

Kutoka Gusii, Joseph Nyasani, mwalimu wa falsafa Nairobi, aliandika kuhusu nafsi ya Mwafrika na uhusiano wa "mimi" na "sisi", na pia kuhusu mauaji ya Waingereza dhidi ya Abagusii.

Hali ya sasa

Ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisivunje Sheria ya Haki za Binadamu wala kupingana na haki na maadili. Kwa wazee wa Ikonge na kwingineko sharti hilo ni zito. Etureti inaweza kupatanisha ndugu juu ya mpaka, lakini haiwezi kumnyima binti urithi kwa hoja ya nasaba pekee, kwa kuwa katiba hiyohiyo inakataza ubaguzi wa kijinsia. Nasaba, iliyokuwa mwanzo wa kila hoja, sasa ni hoja moja kati ya nyingine, na mzee anayeitumia hulazimika kueleza kwa nini isikilizwe. Kwa kipimo cha Odera Oruka, ulazima huo ndio unaomtenganisha mwanafalsafa na mtunza mila.