Mwambao na Mto Tana: Hofu za mwananchi Pwani ilipojiandaa kuachana na Sultani

KILA Desemba 12 Wakenya huadhimisha siku ambayo nchi yao ilijikomboa kutoka kwa Mwingereza. Ni wachache wanaokumbuka kwamba siku hiyo hiyo, mwaka wa 1963, kipande cha ardhi ya Pwani kiliachana pia na mtawala mwingine ambaye, kisheria, ndiye aliyekuwa mwenyewe. Mtawala huyo alikuwa Sultani wa Zanzibar, na kipande hicho kilijulikana kama Mwambao.

Kwa wanasiasa, suala la Mwambao lilihusu bendera, mikataba na viti vya bunge. Kwa mwananchi wa kawaida lilihusu mambo ya nyumbani. Je, cheti changu cha ndoa kitatambuliwa? Nani ataamua mirathi ya marehemu baba? Shamba la minazi ambalo babu alipewa hati yake litabaki kuwa letu? Maswali kama hayo huulizwa na watu wa kila nchi inayojiandaa kujitoa katika muungano, au kuondoka chini ya himaya. Waingereza waliyauliza kwa lugha yao baada ya kura ya Juni 23, 2016 ya kujiondoa katika Muungano wa Ulaya, na hata huku kwetu wakulima wa maua waliingiwa na wasiwasi wa kutozwa ushuru katika soko la London hadi Kenya na Uingereza zilipotia saini mkataba wa biashara mnamo Desemba 2020.

Kaunti ya Tana River ina nafasi ya pekee katika habari hii. Katika miaka ile ya kuelekea uhuru, mto huu uliguswa na madai mawili ya kujitenga kwa wakati mmoja. Kule unakomwaga maji baharini, Kipini, sehemu ya Garsen, palikuwa ndipo mwisho wa ukanda wa Sultani barani. Huku juu, katika nyika za Bangale na Madogo zinazopakana na Garissa, wenyeji waliishi jirani na eneo lililotaka kujiunga na Somalia.

Ukanda wa maili kumi

Mpaka wenyewe haukuchorwa na wenyeji. Mnamo 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba himaya ya Sultani barani ni ukanda wa upana wa maili kumi za baharini, kutoka mpaka wa Msumbiji hadi Kipini, pamoja na visiwa kama vile Lamu na baadhi ya miji ya Benadir. Sehemu ya kusini ya ukanda huo ikachukuliwa na Wajerumani. Iliyosalia, kutoka Vanga hadi Kipini, Sultani Hamed bin Thuwaini aliikabidhi Uingereza kwa mkataba wa Desemba 14, 1895. Mwingereza alipata mamlaka ya kuitawala, lakini enzi ikabaki ya Sultani, naye akawa analipwa pauni 11,000 kila mwaka, mbali na riba ya deni la awali.

Kwa hivyo bara ilipotangazwa koloni mnamo 1920, ukanda huu haukuingia katika koloni hilo. Uliitwa Himaya ya Kenya, na bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus. Maliwali, mamudiri na makadhi walihudumu kwa niaba ya utawala ambao makao yake yalikuwa Nairobi lakini heshima zake zilielekezwa Unguja. Mpangilio huo ulikuwa wa ajabu, ila watu walikuwa wameuzoea.

Uhuru ulipobisha hodi, mazoea hayo yaligeuka kuwa hoja ya siasa. Baadhi ya viongozi wa Mwambao, hasa Waarabu na Waswahili, walidai kwamba mkataba wa 1895 ukivunjwa basi ukanda unapaswa kujitawala au kurudi kwa Sultani. Chama cha Coast People's Party, ambacho miongoni mwa viongozi wake alikuwa Sheikh Abdillahi Nassir, kilipeleka hoja hiyo hadi London. Ronald Ngala wa KADU naye alitaka Pwani nzima iwe jimbo lenye mamlaka yake ndani ya Kenya. KANU haikutaka kusikia habari za kuikata bandari ya Mombasa kutoka nchini, na hapo ndipo mvutano wote ulipokuwa: nchi ya Kenya bila Mombasa ingekuwa nyumba isiyo na mlango.

Mnamo 1961 Uingereza na Sultani walimteua Sir James Robertson, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria, kuchunguza mustakabali wa ukanda huo. Alikusanya maoni ya wenyeji, na ripoti yake ilitoka Desemba mwaka huo. Alipendekeza mkataba wa 1895 ufutwe na Mwambao uunganishwe na Kenya, lakini Waislamu wapewe dhamana kuhusu dini, mahakama na ardhi yao.

Barua ya Kenyatta na Shamte

Dhamana hizo ziliandikwa katika barua walizobadilishana Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na mwenzake wa Zanzibar, Mohamed Shamte, mnamo Oktoba 5, 1963. Siku tatu baadaye mkataba ulitiwa saini London na enzi ya Sultani juu ya ukanda ikakubaliwa ikome siku ya uhuru wa Kenya. Sultani mwenyewe, Jamshid bin Abdullah, alikuwa amekalia kiti kwa miezi michache tu.

Anayesoma barua hizo leo anaweza kuona ndani yake orodha ya hofu za watu wa wakati ule, maana kila ahadi ni jibu la swali fulani la mitaani. Hofu ya kwanza ilikuwa dini, na jibu likawa kwamba kila mtu, hasa Mwislamu, atakuwa huru kuabudu. Hofu ya ndoa, talaka na urithi ilijibiwa kwa ahadi kwamba Kadhi Mkuu na makadhi wengine wataendelea kuamua mambo hayo wakati pande zote ni za Waislamu. Wazazi waliohofia elimu ya watoto wao waliahidiwa kwamba kadiri itakavyowezekana watoto wa Kiislamu watafunzwa Kiarabu, na shule zao zitaendelea kupata ruzuku. Waliohofia kuletewa wakuu wa wilaya wasiojua mila zao waliambiwa kwamba katika maeneo yenye Waislamu wengi maafisa wa utawala watakuwa Waislamu, tena "kadiri itakavyowezekana". Maneno hayo mawili yana mlango mpana wa kutokea, na serikali zilizofuata ziliutumia.

Ahadi ya tano ilihusu ardhi, na ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote. Hati za umiliki zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa daima, na ardhi ikihitajika kwa manufaa ya umma mwenyewe atalipwa fidia kamili bila kucheleweshwa.

Hapa ndipo inafaa tutue kidogo. Hati hizo zilitokana na sheria ya ardhi ya 1908, iliyowataka watu wa Mwambao wafike mbele ya afisa na kuthibitisha madai yao. Waliojua kusoma, waliokuwa na mawakili au jamaa serikalini, walifika. Wengi wa Wamijikenda na wengineo waliolima ardhi bila karatasi hawakufika au hawakusikilizwa, na ardhi isiyodaiwa ikaitwa ya Serikali ya Mfalme. Kwa hiyo ahadi ya 1963 ililinda mali ya aliyekuwa na hati, na kwa kufanya hivyo ikafunga mlango mbele ya aliyelima bila hati. Maskwota wa Kilifi, Malindi na kwingineko ni warithi wa ahadi hiyo kama vile walivyo wenye mashamba. Kikundi cha Mombasa Republican Council kilipozua kauli ya "Pwani si Kenya" miaka mingi baadaye, kilisoma mikataba hii ya 1895 na 1963 kwa namna yake, lakini hasira iliyokipa wafuasi ilikuwa ya ardhi. Serikali ilikipiga marufuku mnamo 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012.

Jambo moja halikuwatia watu wasiwasi, nalo ni fedha. Shilingi iliyotumika Mombasa ndiyo iliyotumika Zanzibar, Kampala na Dar es Salaam, ikitolewa na bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki. Mtu wa Kipini aliyekuwa na akiba chini ya godoro hakuhitaji kuibadilisha. Shilingi ya Kenya yenyewe ilianza kutumika mnamo 1966.

Uraia ulikuwa suala gumu zaidi. Katiba ya uhuru ilimfanya raia moja kwa moja yule aliyezaliwa nchini, koloni au himaya, ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Wengine walipewa miaka miwili kujiandikisha. Katika miji kama Lamu na Mombasa, ambako familia zilikuwa na wazee waliozaliwa Hadhramaut, Omani, Ngazija au Bara Hindi, nyumba moja iliweza kuwa na watu wenye hali tofauti kisheria.

Upande wa Bangale

Tukipanda mto, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kipini, tunaingia nyika ya Bangale, kwenye barabara itokayo Mwingi kwenda Garissa. Hapa hapakuwa na liwali wala hati ya 1908. Hapa mali ni ng'ombe, ngamia na mbuzi, na hofu kubwa ya mfugaji ni kunyimwa maji. Waorma huziita malka zile njia za kuwapitisha mifugo hadi mtoni. Malka ikifungwa wakati wa kiangazi, mfugaji hana pa kukimbilia.

Wakoloni waliutumia Mto Tana kuwatenganisha Waorma upande wa magharibi na Wasomali upande wa mashariki. Mashariki na kaskazini mwa mto palikuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD, ambayo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Mnamo Oktoba 1962 Uingereza ilituma tume ya watu wawili, Mnigeria G.C.M. Onyiuke na Jenerali M.P. Bogert wa Kanada, kuuliza wenyeji wanataka nini. Tume ilikuta kwamba wengi katika sehemu za Wasomali walitaka kujiunga na Somalia. Uingereza haikukubali. Machi 1963 Waziri wa Makoloni, Duncan Sandys, alitangaza badala yake jimbo la saba la Kaskazini Mashariki ndani ya Kenya, na Somalia ikakatiza uhusiano na Uingereza. Uchaguzi wa Mei mwaka huo ulisusiwa na wengi katika jimbo hilo jipya.

Wilaya ya Tana River iliwekwa katika jimbo la Pwani, lakini karatasi hiyo haikuiepusha na yaliyofuata. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, kabla uhuru haujatimiza mwezi, na vita vya shifta vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Sheria ya Kinga ya 1970, iliyowazuia wananchi kuwashtaki maafisa kwa maovu ya kipindi hicho, ilitaja Tana River na Lamu pamoja na Isiolo, Marsabit na mkoa wa Kaskazini Mashariki. Wanakijiji wa kandokando ya mto, Wapokomo na Waorma, walijikuta kati ya shifta na wanajeshi.

Tofauti ya ncha mbili za mto ni hii. Wa Kipini walipata barua yenye ahadi tano. Wa juu hawakupata barua yoyote, ila sheria za dharura, na ardhi yao ikawekwa mikononi mwa baraza la wilaya kama mdhamini. Hata mpaka wa majimbo ulileta ugomvi: ukanda wa maili tatu kando ya mto uligombaniwa kati ya Garissa na Tana River kwa miongo mingi, kila upande ukiwa na ramani yake. Ardhi ya jamii ilipata sheria yake mahususi mnamo 2016 tu, na sheria hiyo inazitaka jamii zijisajili kwanza ndipo zipate hati, jambo ambalo kwa mfugaji anayehama na mvua si rahisi hata kidogo.

Yaliyosalia ya ahadi

Zanzibar iliyotia saini haikudumu. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalimwondoa Shamte madarakani na kumkimbiza Jamshid, aliyeishi Uingereza hadi aliporuhusiwa kuhamia Omani mnamo 2020, na akafariki huko Desemba 2024. Aprili 26, 1964 Zanzibar iliungana na Tanganyika. Kwa hivyo Kenya ilibaki na ahadi ambazo mwenzake wa upande wa pili hakuwepo tena kuzidai.

Iliyokita mizizi zaidi ni ile ya makadhi, kwa kuwa iliingizwa katika Katiba ya uhuru. Mnamo Mei 2010 majaji wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kifungu cha 66 kilichozilinda mahakama hizo kilikiuka Katiba yenyewe, na suala hilo likawa gumzo kuu la kampeni za kura ya maamuzi. Wananchi waliipitisha Katiba mpya Agosti 4, 2010, makadhi wakiwemo katika vifungu vya 169 na 170. Mamlaka yao hayakomei tena katika maili kumi za Sultani. Mwislamu wa Bangale, ambaye ardhi ya mababu zake haikuwahi kuwa chini ya bendera nyekundu, anaweza kumpelekea kadhi kesi ya talaka au ya mirathi sawa na yule wa Kipini.