NMR: Safari ndefu ya kuuwahi mmenyuko

Kwa miaka mingi mkemia aliyetaka kujua mmenyuko umefikia wapi alichota sampuli na kuipeleka maabara. Majibu yaliporudi, kilichomo mtamboni kilikuwa kimeshabadilika. NMR, mbinu iliyoizaa MRI ya hospitalini, imeondoa kusubiri huko, ingawa nayo ilianza ikiwa nzito na ya polepole.

Desemba 1945, Edward Purcell na wenzake wa Harvard waliweka nta ndani ya sumaku, wakaipigia mawimbi ya redio, wakaona viini vya haidrojeni vikiyafyonza. Wiki chache baadaye Felix Bloch wa Stanford akapata ishara kama hiyo kwenye maji. Wawili hao waligawana Nobel ya fizikia mwaka 1952.

Shabaha yao ilikuwa kupima usumaku wa viini. Ndiyo maana wanafizikia W. G. Proctor na F. C. Yu walishangaa mwaka 1950: naitrojeni ya nitrati ya amonia, kemikali ya mbolea, ilitoa ishara mbili badala ya moja. Kumbe kila kiini huitika kulingana na atomu zinazokizunguka. Mwaka uliofuata ethanoli ikatoa vilele vitatu vya ishara, kwa uwiano wa haidrojeni zake: tatu, mbili na moja. Kuanzia hapo kilele kikawa hesabu. Kitendanishi kikipungua, kilele chake hushuka. Zao likiongezeka, chake hupanda.

Lakini mashine zilipitia masafa moja baada ya jingine, kwa dakika kadhaa. Katika kampuni ya Varian, California, Richard Ernst na Weston Anderson wakavipiga viini vyote kwa mpigo mmoja mfupi wa redio, kisha wakatenganisha majibu kwa hesabu za Fourier. Jarida moja liliikataa makala yao mara mbili. Ilichapishwa kwingine mwaka 1966. Ernst alipata Nobel ya kemia mwaka 1991.

Mwaka 2004 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliwahimiza watengenezaji kupima ubora wakati dawa ingali inatengenezwa. Lakini sumaku kubwa za NMR, zinazopozwa kwa heliamu ya kimiminika, zilikuwa mbali na mitambo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 zikaja mashine za mezani zenye sumaku za kudumu. Pampu huvuta mchanganyiko, huupitisha sumakuni kwa mrija mwembamba na kuurudisha. Vilele vya mashine hizi hubanana, na mchanganyiko ukikimbia mno viini havipati muda wa kujipanga, hivyo hesabu hupotoka. Hata hivyo mkemia huona kitendanishi kikiisha, akaongeza joto au kusimamisha kazi kabla bidhaa haijaharibika.