Galoni Sita za Mwaka 1937

Watu wengi wakisikia kwamba ninasomea ufamasia hudhani tunafundishwa kusoma mwandiko wa daktari na kuhesabu vidonge. Kumbe sehemu kubwa ya masomo yetu ni kujifunza kutilia shaka kilichomo ndani ya chupa. Katika insha hii nitaeleza tukio lililotokea Marekani mwaka 1937, kwa sababu naona ndilo lililoiingiza shaka hiyo darasani.

Wakati huo salfanilamidi ilikuwa dawa mpya yenye sifa kubwa. Ilitibu maambukizi ya koo na mengine yaliyokuwa yakiua watu, lakini ilipatikana kama vidonge au unga. Wateja, hasa wenye watoto, walitaka dawa ya maji. Kampuni ya S. E. Massengill ya Tennessee ilimpa kazi hiyo mkemia wake mkuu, Harold Watkins. Shida ni kwamba salfanilamidi haiyeyuki vizuri katika maji. Watkins aliona kwamba inayeyuka katika daiethilini glaikoli, kioevu kitamu cha viwandani, akakitumia na kuongeza ladha ya rasiberi. Kampuni ilipima ladha, harufu na sura ya dawa. Haikupima sumu, na sheria haikuilazimisha.

Dawa ilianza kusambazwa Septemba. Oktoba, habari za vifo zikatoka Tulsa, Oklahoma. Figo za wagonjwa zilishindwa kufanya kazi, wakaacha kukojoa, wakateseka siku nyingi kabla ya kufa. Serikali ilituma karibu wakaguzi na wakemia wake wote 239 kuisaka dawa hiyo nchi nzima. Kati ya galoni 240 zilizotengenezwa, walipata zaidi ya 234. Hizo chache zilizobaki, zisizofika hata sita, ziliua watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto wengi.

La kushangaza ni kosa ambalo kampuni ilishtakiwa nalo. Dawa iliitwa eliksiri, jina la dawa yenye alkoholi ndani, na hii haikuwa na alkoholi. Basi kosa kisheria lilikuwa jina kwenye lebo, si vifo. Ndipo mwaka 1938 ikapitishwa sheria mpya: mtengenezaji athibitishe usalama wa dawa kabla ya kuiuza.

Miongoni mwa waliochunguza sumu hiyo kwa kuwapa panya alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago, Frances Kelsey. Mwaka 1960, akiwa mkaguzi wa dawa wa serikali, aliletewa maombi ya kuuza thalidomaidi. Alidai ushahidi zaidi, akakataa kuipitisha ingawa kampuni ilimsukuma mara kwa mara. Nchi nyingine zilizoiruhusu zilishuhudia maelfu ya watoto wakizaliwa na viungo visivyokamilika. Ninaamini alichojifunza akiwa mwanafunzi kilimpa msimamo huo.

Hata hivyo, sheria peke yake haikumaliza tatizo. Daiethilini glaikoli inafanana na gliserini, ambayo ni salama, nayo ni rahisi zaidi kwa bei. Anayetaka faida huiuza kwa jina la gliserini, na asiyepima huinunua. Watoto walikufa kwa sumu hiyohiyo Nigeria mwaka 1990, Haiti mwaka 1996, na Gambia mwaka 2022, ambako takriban watoto 70 walipoteza maisha baada ya kunywa dawa za kikohozi na homa zilizotoka nje. Nchi zetu pia huagiza dawa nyingi kutoka nje, kwa hiyo jambo hili si la Wamarekani wa zamani tu.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Tunapofundishwa kupima kila pipa la gliserini kabla ya kulifungulia kazi, wanafunzi wengine huona ni somo la kuchosha, kwa kuwa karatasi ya muuzaji tayari imeandikwa kwamba ni safi. Lakini hata chupa za Massengill zilikuwa na lebo nzuri. Mfamasia ndiye mtu wa mwisho anayeweza kuuliza kabla mgonjwa hajameza.