Uhuru wa Kuondoka kama Kipimo cha Wito: Jumuiya Huru za Kikatoliki na Vijana wa Butembo na Beni

Malezi ya kitawa yamezoea kuuliza swali moja: je, kijana huyu ameitwa? Katika jumuiya huru za Kikatoliki, yaani zile zinazoshika liturujia, nadhiri na mavazi ya Kikatoliki bila kuwa chini ya askofu aliye katika ushirika na Roma, swali hilo halitoshi, na likiulizwa peke yake ni la hatari. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba wito hauwezi kupambanuliwa mahali ambapo anayepimwa hana ruhusa ya kuondoka na anayepima hana wa kumpima. Jumuiya ichunguzwe kwanza, kijana baadaye.

Suala hili ni zito zaidi katika Jimbo Katoliki la Butembo-Beni, mashariki mwa Kongo. Watawa wa shirika la Waasumpsionisti walifika huku mwaka 1929, Beni ikawa jimbo mwaka 1959, na tangu hapo utawa umeota mizizi katika familia za Wanande, wenyeji wa huku. Umelipiwa pia kwa damu. Mapadri watatu Waasumpsionisti walitekwa Mbau Oktoba 2012. Padri Vincent Machozi aliuawa karibu na Butembo Machi 2016. Oktoba 2022 sista aliyekuwa daktari aliuawa hospitali ya Maboya iliposhambuliwa. Wapo wanaosema kwamba katika mazingira kama haya anayebisha hodi utawani amekwisha kupimwa na hatari yenyewe. Nakubali nusu tu ya hoja hiyo. Vita huwasafisha watu nia, lakini pia huwasukuma. Tangu mauaji ya raia huko Beni yaanze Oktoba 2014, familia nyingi zimehama vijiji na mashamba yao, na kwa binti aliyepoteza wazazi nyumba ya masista ni sala, na ni chakula, shule na ukuta pia. Hakuna aibu katika kutafuta hayo. Lakini nia zilizochanganyika hivyo huhitaji muda mrefu ili zijitenge, na kikundi kinachompa mtu kanzu na nadhiri baada ya wiki chache kinamnyima muda huo.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni Kanungu, wilaya ya Uganda inayopakana na Kongo. Kundi la Kurudisha Amri Kumi za Mungu lilianzia ndani ya Ukatoliki: Joseph Kibwetere alikuwa Mkatoliki aliyejulikana, Dominic Kataribaabo alikuwa padri msomi. Kwa mgeni aliyepita, maisha yao yalifanana na monasteri yenye bidii: kimya, mfungo, useja, mali iliyouzwa na kukabidhiwa. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea katika jengo lao la sala, na miili mingine ikafukuliwa baadaye katika nyumba za kundi. Kinachonishughulisha katika kisa hiki ni mambo ya kila siku yaliyotangulia moto. Aliyeuza shamba hakuwa na pa kurudi, aliyekatazwa kusema hakuweza kulalamika, na maaskofu walipowawekea viongozi adhabu, viongozi waliendelea bila kuwajibika kwa yeyote. Ukali wa maisha, ambao wengi wetu tunauchukua kuwa ishara ya wito wa kweli, haukuthibitisha lolote.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasomeka vyema zaidi tukiiona kama ulinzi wa mnyonge. Hairuhusu kupokewa unovisini aliye chini ya miaka 17 wala aliyeingia kwa kulazimishwa au kwa hofu. Inadai miezi 12 ya unovisi, kisha nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua mitatu. Inamkataza mkubwa wa shirika kumshawishi mtu kwa namna yoyote amfunulie dhamiri yake. Tangu Novemba 2020 hata askofu hawezi kuanzisha shirika la kitawa bila kibali cha maandishi kutoka Roma. Jumuiya huru haifungwi na sheria hizi, lakini hakuna kinachoizuia kuzifuata kwa hiari, na hapo ndipo mzazi wa Butembo anaweza kuanza maswali yake. Diploma ya Serikali ya binti na kadi yake ya mpiga kura hukaa kwa nani? Anaweza kumpigia mama yake simu bila mtu kusikiliza? Akitaka kuungama kwa padri wa nje, ataruhusiwa?

Pingamizi kubwa latoka upande mwingine: Kanisa lenye sheria zote hizo limeshindwa pia. Ni kweli. Februari 2019 Papa Fransisko alikiri hadharani kwamba kuna mapadri na maaskofu waliowadhulumu masista. Lakini aliyedhulumiwa ndani ya shirika lililotambuliwa ana angalau jina la mahali pa kushtaki, hata kama hatasikilizwa upesi. Katika kikundi ambacho mwanzilishi ndiye askofu, mlezi na mtunza fedha, mahali hapo hapapo. Wengine watasema Roho huvuma apendapo, na kwamba Fransisko wa Assisi hakuanza na kibali. Hakuanza nacho, lakini alikwenda kukiomba, na ndugu wake wa kwanza walijua kwamba mwanzilishi wao naye ana wa kumsikiliza. Sihukumu uhuru wa jumuiya kuwa dhambi. Iliyo na kanuni ya maisha iliyoandikwa, mkaguzi wa nje na hesabu zilizo wazi inaweza kumsaidia mtu kupambanua kwa haki.

Limebaki jambo moja ambalo jumuiya hizo haziwezi kulirekebisha. Mara nyingi kinachomfunga kijana ni aibu inayomngoja nyumbani, kwa kuwa sista aliyetoka bado anaitwa aliyeshindwa, na ndugu huuliza atalipaje kilichotumika juu yake. Sheria inadai shirika limtendee anayeondoka kwa haki na upendo. Parokia za Butembo na Beni zinaweza kudai hayohayo kwa familia, zikilisema wazi katika mahubiri ya siku ya kuombea miito, mbele ya wazazi wenyewe, kabla binti hajafunga sanduku lake.