Bluu inayopima uhai wa maziwa

Kabla ya miaka ya 1960, mkemia aliyetaka kujua kiasi cha fosfeti katika maji alikuwa akishindana na saa. Njia iliyotumika sana ilikuwa ya Mfaransa Georges Denigès, ya mwaka 1920: fosfeti inaungana na molibdati ndani ya asidi, kisha kloridi ya bati inageuza mchanganyiko kuwa bluu. Bluu ikikolea, fosfeti ni nyingi. Mwaka 1923 W. R. G. Atkins wa Plymouth, Uingereza, aliitumia kupima maji ya bahari. Kasoro zake zilikuwa mbili: rangi ilififia haraka, na chumvi ya bahari iliipotosha. Sampuli ikichelewa kidogo tu mezani, jibu lake haliaminiki tena.

Mwaka 1962 J. Murphy na J. P. Riley wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichapisha makala ya kurasa chache iliyomaliza tabu hiyo. Waliiondoa bati wakaweka asidi askobiki, yaani vitamini C, na kuongeza antimoni kidogo ili kuharakisha kazi. Dawa zote zikawa mchanganyiko mmoja. Rangi hukolea kwa dakika kama 10 na kudumu kwa saa nyingi, na chumvi haiisumbui sana. Sioni makala nyingine ya kemia ya maji iliyoleta faida kubwa kwa gharama ndogo kiasi hicho, na hadi leo maabara duniani kote zinaifuata.

Kwa kawaida mililita 50 za sampuli huongezwa mililita 8 za dawa, kisha spektrofotomita husoma bluu kwenye nanomita 880. Lakini dawa huiona fosfeti iliyo huru tu. Katika majitaka fosforasi nyingi imefungwa ndani ya kinyesi na mabaki ya chakula, kwa hiyo sampuli huchemshwa kwanza kwa asidi na pasulfati ili iachiliwe. Vyombo navyo huoshwa kwa asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, kamwe si kwa sabuni yenye fosfeti, maana masalia kidogo ukutani mwa chupa yanatosha kuharibu hesabu ya ziwa zima.

Sabuni hiyohiyo ndiyo iliyoleta ugomvi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, sabuni za unga zilijaa fosfeti, na mabomba ya miji yakaipeleka majini, ambako inarutubisha mwani. Huko Seattle, Marekani, mtafiti W. T. Edmondson aliona mwaka 1955 mwani uitwao Oscillatoria rubescens ukishamiri katika Ziwa Washington. Wananchi walikubali kulipia mabomba ya kuyaepusha majitaka na ziwa, kazi iliyofanyika kati ya 1963 na 1968. Kufikia 1969 fosfeti ya maji ya juu wakati wa baridi ilikuwa imeshuka chini ya theluthi moja ya ilivyokuwa 1963, na maji yakaanza kung'aa.

Bado walikuwapo waliodai kwamba kaboni, si fosforasi, ndiyo ya kulaumiwa kwa mwani huo. Mtafiti David Schindler na wenzake wakaligawa Ziwa namba 226, Ontario, Kanada, kwa pazia la plastiki mwaka 1973. Pande zote mbili zilitiwa kaboni na nitrojeni. Fosforasi ilitiwa upande mmoja tu. Upande huo ukageuka kijani. Mwaka mmoja kabla, Marekani na Kanada zilikuwa zimeshakubaliana kwamba mitambo mikubwa ya majitaka kwenye Ziwa Erie isitoe zaidi ya miligramu 1 ya fosforasi kwa lita.

Kwetu, kazi iliyotufaa ilianzia Jinja. Mwaka 1960 na 1961 Jack Talling alipima kemia ya Ziwa Victoria akiwa na shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki. Miaka thelathini baadaye Robert Hecky na watafiti wa Uganda walipolipima tena, walikuta fosforasi imeongezeka, silika ya kulishia mwani wa diatomu imepungua kama mara kumi, na hewa ya oksijeni chini ya ziwa inatoweka kwa muda mrefu zaidi. Bila daftari la Talling, tungebaki na hadithi za wavuvi wazee, ambazo zilikuwa kweli lakini hakuna waziri ambaye angezisoma bungeni. Ndiyo maana kila halmashauri ya Mwanza, Kisumu au Entebbe inayoacha kupima leo inawanyima watafiti wa 2050 mahali pa kuanzia.